Mwamuzi Aliyelia: Tafakari juu ya Kukosa, Kukiri na Kusamehe



Katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, Mtume Petro anamwendea Bwana wetu na swali la hesabu. Anataka kujua kikomo: ndugu yangu akinikosea, nimsamehe mara ngapi ndipo niwe nimetimiza wajibu wangu? Sote tunalijua jibu alilopewa, na sote tunajua jinsi lilivyo gumu. Ila naona kwamba mara nyingi tunapoihubiri Injili hii tunasema na aliyekosewa peke yake, tukamsahau aliyekosa. Msamaha una watu wawili. Wiki hii ningependa tuwatazame wote wawili kwa pamoja, na ninaomba mnivumilie, kwa maana nitawapeleka mahali ambapo huenda hamkutarajia: katika uwanja wa besiboli, huko Marekani.

Mchezo huu kwetu ni mgeni. Niliufahamu nilipokuwa masomoni ng'ambo, katika nyumba ya mapadre ambamo mzee mmoja, padre mstaafu, hakukosa kuutazama kila jioni baada ya Masifu. Kwa ufupi ni ndugu wa mbali wa kriketi. Mrushaji husimama katikati na kumrushia mpira mpigaji mwenye rungu. Mpigaji akiupiga, hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, na hatimaye nyumbani, na hapo timu yake huhesabiwa pointi moja. Mpira ukimtangulia kufika kituoni, anatolewa. Kila timu ina vipindi tisa vya kupiga, na katika kila kipindi inaruhusiwa kutolewa watu watatu.

Wapenzi wa mchezo huo wana kumbukumbu wanazozisimulia kama sisi tunavyosimulia habari za wazee wetu. Watakueleza juu ya Lou Gehrig, aliyecheza michezo 2,130 mfululizo bila kukosa, kisha tarehe 4 Julai 1939, akiwa amekwisha kushikwa na ugonjwa uliokuwa ukimdhoofisha misuli na ambao ulimwua mwaka 1941, akasimama mbele ya umati wa New York na kushukuru kwa maisha aliyojaliwa. Watakueleza juu ya Jackie Robinson, mtu mweusi aliyeingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947 akiwa na timu ya Brooklyn Dodgers, na hivyo kuuvunja ukuta wa ubaguzi uliokuwa umesimama katika ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60. Watakueleza pia juu ya Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyekufa tarehe 31 Desemba 1972 katika ajali ya ndege, akiwapelekea msaada watu wa Nicaragua waliokuwa wamepigwa na tetemeko la ardhi.

Hizo zote ni kumbukumbu njema, na kila moja ingetosha kwa tafakari yake. Lakini mimi, nikiulizwa ni tukio gani la besiboli Mkristo anapaswa kulijua kabla ya mengine yote, nitalitaja lile la jioni ya tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit. Na shujaa wake wa kwanza ni mtu aliyekosea.

Jioni ile mrushaji wa Detroit Tigers alikuwa kijana kutoka Venezuela aitwaye Armando Galarraga, mwenye umri wa miaka 28. Hakuwa mtu wa sifa kubwa. Wiki chache tu kabla ya hapo alikuwa bado katika timu ya daraja la chini. Siku hiyo, hata hivyo, kila alichorusha kilikwenda alikotaka. Wapigaji 26 wa Cleveland walimjia mmoja baada ya mwingine, na wote 26 walitolewa bila hata mmoja kukanyaga kituo cha kwanza akiwa salama. Alibaki mmoja tu. Angemtoa huyo wa 27, angekuwa amefikia kile kinachoitwa mchezo mkamilifu. Ili mjue uzito wake: tangu ligi hizo zianzishwe katika karne ya 19 imechezwa michezo zaidi ya 200,000, na hadi mwaka 2023 ni michezo 24 tu iliyoandikwa kuwa mikamilifu.

Mpigaji wa 27, Jason Donald, aliupiga mpira ukaviringika chini upande wa kulia. Mwenzake Galarraga, Miguel Cabrera, aliudaka akamrushia. Galarraga mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbilia kituo cha kwanza, akaupokea, akakanyaga kituo. Mpira ulifika kabla ya mkimbiaji, na kila mtu uwanjani aliona. Mwamuzi wa kituo hicho, Jim Joyce, mtu wa miaka 54 aliyekuwa akiheshimiwa sana katika kazi yake, alinyosha mikono kuashiria kwamba mkimbiaji amefika salama.

Uwanja mzima ulipigwa na bumbuazi, kisha ukalipuka kwa hasira. Wachezaji wa Detroit na kocha wao walimjia juu mwamuzi. Galarraga hakufanya hivyo. Alimtazama Joyce, akatabasamu, akarudi mahali pake, akamtoa mpigaji aliyefuata, na mchezo ukaisha kwa 3 bila. Sheria za wakati huo hazikuruhusu mwamuzi kurejea picha za televisheni kwa uamuzi wa namna hiyo.

Baada ya mchezo Joyce aliingia katika chumba cha waamuzi, akaomba aonyeshwe picha. Akaona kosa lake. Hakutafuta visingizio, hakusema kwamba jua lilimwingia machoni, au kwamba mkimbiaji alimziba, au kwamba kila mwamuzi hukosea. Aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba amekosea, na kwamba amemnyima kijana yule mchezo wake mkamilifu. Akaomba kuonana na Galarraga, akamkumbatia, akalia, akamwomba radhi. Naye Galarraga aliwaambia waandishi kwamba hakuna binadamu aliye mkamilifu.

Kesho yake timu zile zile zilicheza tena, na kwa zamu Joyce alipaswa kuwa mwamuzi mkuu. Alipewa nafasi ya kupumzika siku hiyo, akakataa. Kabla ya mchezo kuanza, karatasi yenye orodha ya wachezaji hupelekwa kwa mwamuzi, na kwa kawaida ni kazi ya kocha au msaidizi wake. Siku hiyo aliyeipeleka ni Galarraga. Joyce aliipokea huku akijifuta machozi, akampiga kijana begani kwa upole, kisha wote wawili wakaenda kufanya kazi zao. Watu wengi uwanjani walipiga makofi.

Ndugu zangu, ninaona mafundisho matatu katika tukio hili, na la tatu ndilo ambalo huenda baadhi yenu hamtakubaliana nami.

Kwanza, Joyce alikiri mapema, alikiri kwa aliyemkosea, na alikiri mahali pale pale alipokosea. Kosa lilikuwa la hadharani, na ungamo lake pia lilikuwa la hadharani. Sisi Wakatoliki tunafundishwa tangu Katekesi ya Komunyo ya Kwanza kwamba Kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Mara nyingi tunayafanya mawili ya kwanza na kulisahau la tatu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1459, inatukumbusha kwamba ondoleo huiondoa dhambi, lakini haliponyi maovu yote ambayo dhambi imeyasababisha; palipo na uwezekano wa kurudisha, inatupasa kurudisha, na jina jema la mtu ni mojawapo ya vitu vinavyotakiwa kurudishwa. Aliyeiba mbuzi anajua kwamba hana budi kumrudisha mbuzi. Je, aliyeiba jina la jirani kwenye kikao cha Jumuiya anajua kwamba hana budi kulirudisha kwenye kikao kile kile?

Pili, Galarraga hakungoja aombwe ndipo auache uchungu. Tabasamu lake lilitangulia machozi ya Joyce. Lakini hakusema uongo pia. Hakudai kwamba mkimbiaji alikuwa salama. Alijua haki yake imepotea, akaendelea na kazi iliyobaki, kwa kuwa bado kulikuwa na mtu mmoja wa kutoa. Wako wengi kati yetu ambao, wakinyimwa haki mara moja, huacha kila kitu: anaacha kwaya, anaacha Jumuiya, anaacha hata Ekaristi Takatifu, akidhani anamwadhibu aliyemkosea, kumbe anajiadhibu mwenyewe.

Tatu, matokeo hayakubadilishwa. Watu wengi walimwomba kamishna wa ligi, Bud Selig, atangue uamuzi ule na kumpa Galarraga mchezo wake mkamilifu. Hakufanya hivyo. Hadi leo vitabu vya kumbukumbu vinaonyesha kwamba siku hiyo Cleveland walipata pigo moja salama. Wapo wanaoona kwamba hiyo ni dhuluma, na hoja yao si nyepesi: ikiwa aliyekosa amekiri, aliyekosewa anajulikana na ushahidi upo, kwa nini kosa libaki katika kitabu?

Naiheshimu hoja hiyo, na pale haki inapoweza kurudishwa, irudishwe bila kusitasita. Lakini kwa tukio hili nathubutu kusema kwamba ni vema kitabu kilibaki kama kilivyo. Kama kingefutwa, tungekuwa na mchezo mkamilifu mmoja zaidi na watu wawili wakamilifu ambao hakuna anayewakumbuka. Kwa kuwa hakikufutwa, tunao ushahidi kwamba msamaha hauhitaji tujifanye kana kwamba jambo halikutokea. Itazameni Injili yenyewe. Petro alimkana Bwana mara tatu, na Wainjili wote wanne wameliandika jambo hilo. Petro alikuwa mkuu wa Mitume. Nani angethubutu kumzuia kama angesema ukurasa ule uondolewe? Hakuondoa. Kanisa linausoma kila Juma Kuu, mbele ya watu wote, na haliusomi ili kumwaibisha. Linausoma ili kila aliyewahi kukana ajue kwamba njia ya kurudi ipo.

Tukumbuke pia kwamba kosa lile halikuachwa bure. Mwaka 2014 ligi ilipanua matumizi ya picha za televisheni, na tangu hapo uamuzi kama ule unaweza kurejewa papo hapo. Kusamehe hakumaanishi kuuacha mlango wazi ili mwingine aumie kwa namna ile ile. Jumuiya iliyosamehe upotevu wa fedha na kisha ikaweka utaratibu wa watu wawili kuhesabu sadaka haijavunja msamaha wake, imeukamilisha.

Sasa sikilizeni habari ya pili, maana si kila uwanja unasamehe upesi.

Mwaka 1986 timu ya Boston Red Sox ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu mwaka 1918. Tarehe 25 Oktoba, katika mchezo wa sita wa fainali kuu dhidi ya New York Mets, ilibaki hatua ndogo sana. Kisha mambo yakaharibika. Warushaji wa Boston waliwaachia wapinzani kusawazisha, na hapo ndipo mpira mwepesi ulipoviringika kuelekea kwa Bill Buckner, mchezaji mkongwe aliyekuwa akicheza na vifundo vya miguu vilivyochakaa. Mpira ukampita katikati ya miguu. New York wakashinda.

Angalieni haki ya jambo lenyewe: mpira ulipomfikia Buckner, mchezo ulikuwa tayari sare. Tena ulibaki mchezo wa saba, ambamo Boston waliongoza kwa 3 bila, wakaupoteza pia. Lakini watu walihitaji mtu wa kubebeshwa, wakambebesha yeye. Katika maisha yake ya mchezo alikuwa na mapigo salama 2,715, hesabu ambayo ni wachache wanaoifikia, ila kwa miaka mingi jina lake lilimaanisha mpira mmoja tu. Alitukanwa, akatishwa, na mwishowe akahamia Idaho, mbali na kelele, pamoja na familia yake.

Boston walitwaa ubingwa mwaka 2004, na tena 2007. Tarehe 8 Aprili 2008, miaka 21 na nusu baada ya tukio lile, Buckner alialikwa katika uwanja wa Fenway kurusha mpira wa ufunguzi. Umati ulisimama wote na kumshangilia kwa muda mrefu, naye akafuta machozi. Alifariki mwaka 2019.

Nimejiuliza mara nyingi: makofi yale ya mwaka 2008 yalikuwa msamaha, au yalikuwa toba ya umati? Mimi naona yalikuwa toba. Buckner hakuwa na deni la kusamehewa. Aliteleza, na wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Waliokuwa na deni ni maelfu waliomfanya mtu mzima mwenye mke na watoto awe mzaha wa mji. Na ninawaomba mwangalie pia wakati: makofi yalikuja baada ya ubingwa. Ni rahisi kumpenda aliyeteleza baada ya mambo yetu kutunyookea. Detroit walipiga makofi kesho yake, jeraha likiwa bado bichi.

Nasi parokiani kwetu tunao akina Buckner. Yupo mama ambaye miaka mingi iliyopita aliiharibu sherehe ya kigango kwa ulimi wake, na hadi leo hachaguliwi kwa lolote. Yupo kijana aliyetoka seminari, ambaye watu wanapomtaja hawataji jina lake bali wanasema tu, yule aliyeacha. Tunao msemo mzuri, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na tunautumia tunapotaka makosa yetu wenyewe yasahauliwe. Makosa ya wengine tunayatunza kama hati za shamba. Je, mtu ni jambo lake moja? Jim Joyce huyo huyo, mwezi Agosti mwaka 2012, alipokuwa akiingia katika uwanja wa Phoenix kwa kazi, alimkuta mfanyakazi wa pale ameanguka na moyo wake umesimama. Akapiga magoti, akamkandamiza kifua hadi msaada ulipofika, na yule mama akaishi. Tumjue kwa lipi, kwa mikono aliyoinyosha kimakosa, au kwa mikono iliyomwokoa mtu? Mbinguni vyote viwili vinajulikana.

Wapendwa, isingekuwa haki niwahubirie haya kana kwamba mimi nimekaa jukwaani tu. Nina jambo langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine niliyotumwa kuhudumu, hesabu za mavuno za kigango kimoja zilionyesha upungufu. Mtunza hazina alikuwa mzee mwenye heshima zake, aliyeshika kazi hiyo kabla mimi sijapewa daraja. Siku ya Dominika, wakati wa matangazo, nilisema mbele ya waamini kwamba fedha hazionekani na kwamba kuanzia siku ile mzee atakaa pembeni. Hakujibu neno. Baada ya wiki tatu niligundua kwamba stakabadhi moja nilikuwa nimeiingiza mimi mwenyewe katika daftari lisilo lake. Hakuna hata shilingi iliyokuwa imepotea.

Nilimwita ofisini. Nikafunga mlango. Nikamwomba radhi kwa dhati, naye akaniambia, "Padre, yamekwisha." Nikampa mkono, nikalala usingizi mzuri. Ila tangu hapo hakusali tena katika kigango kile; kila Dominika alitembea hadi kigango cha jirani, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, yeye na mkewe. Mimi nikajisemea kwamba ana kinyongo. Kumbe wahenga walikwisha kutuonya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Mzee alikuwa amenisamehe; aliyeshindwa kutimiza wajibu ni mimi. Kosa nililifanya mbele ya watu mia mbili, na ukweli nikausema mbele ya kuta nne. Waamini wale hawakuambiwa kamwe, na wengi wao bila shaka bado wanaamini nilichowatangazia. Kisha nikahamishwa, nikaja kwenu.

Nilipokuwa nikikumbuka habari ya yule mwamuzi aliyelia, nilitambua kwamba yeye, ambaye hakuwa padre, aliielewa sehemu ya tatu ya Kitubio kuliko mimi ninayeiadhimisha sakramenti hiyo kila Jumamosi. Nimekwisha kumwomba ruhusa paroko wa kule, na amenikubalia kwa moyo. Dominika ya pili ya mwezi ujao Misa ya asubuhi hapa kwetu ataiadhimisha padre msaidizi, nami nitakuwa katika kigango kile, wakati ule ule wa matangazo, nikisema niliyopaswa kuyasema tangu zamani. Nimemtumia mzee ujumbe. Amejibu kwamba afya ikimruhusu atakuja. Niombeeni, na mwombeeni yeye zaidi.

Nanyi nawaachia swali moja la kwenda nalo katika Jumuiya zenu wiki hii: ni nani ambaye nimemwomba msamaha chumbani kwa kosa nililolifanya sokoni? Kama yupo, msingoje miaka 21 na nusu. Bwana ametuambia katika Mathayo 5 kwamba sadaka inaweza kungoja pale altareni. Ndugu hawezi kungoja.

Nawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki, na Mama Bikira Maria awaombee.

Wenu katika Kristo,
Paroko